Mkanda wa Rais na Ufunguo wa Mfereji

Mimi Marekani sijawahi kufika, na kwa baridi ninayosikia iko huko, sina haraka ya kwenda. Lakini nikisikia vijana wa siku hizi wakibishana redioni kuhusu madaraka ya rais, yanaishia wapi na ni nani wa kumwambia basi, huwa nacheka peke yangu jikoni. Somo hilo mimi nililisomea kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga huko Gatina, Kawangware, katikati ya miaka ya sabini, mbele ya mfereji wa bomba wenye kufuli. Na rais aliyetufundisha hakujua hata kwamba tuko duniani.

Nilikuwa nakaa na dada yangu mkubwa. Yeye alikuwa dobi, na sisemi dobi wa kubahatisha. Shati likipita mikononi mwake, mwenyewe alilivaa akijitazama kwenye vioo vya madirisha ya maduka. Chumba chetu kilikuwa cha udongo na mabati, na ndani mlikuwa na kitanda, jiko, pasi ya makaa, na nguo za watu zilizojaa mpaka dirishani. Mimi nilikuwa nafanya kazi ya nyumba Lavington, kwa mama mmoja wa Kimarekani, nikienda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni. Mdomo wa familia nilikuwa mimi. Dada yangu aliongea akiwa na sababu tu.

Kabla ya Kawangware tulikaa Kibera. Kule mwenye nyumba alimwambia dada ahame. Dada akauliza kosa lake ni nini, akaambiwa kosa lake ni kuuliza. Tulibeba godoro kichwani siku hiyo hiyo, nguo za wateja zikiwa bado mbichi, na wateja wenyewe wakatupotea. Alianza upya kabisa, mlango kwa mlango, akiomba watu wamwamini na mashuka yao. Ndiyo maana nikisema chumba kile cha Gatina kilikuwa maisha yake, sitii chumvi.

Mwenye ploti alikuwa mzee wa kanisa, mwenyeji wa pale. Shamba lilikuwa la baba yake tangu mji haujafika. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu nitamsema sana. Mpangaji akiugua, mzee alikuwa wa kwanza kubisha hodi na kumwombea. Lakini kwa mambo ya maji, aka! Mfereji ulikuwa ndani ya kisanduku cha mbao, kisanduku kilikuwa na kufuli, kufuli lilikuwa na ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo ulining'inia kwenye mshipi wake. Alikuwa ameshonewa pete ya chuma kwenye ngozi ya mshipi, na ufunguo ukabanwa humo ili mwizi akiutaka ambebe na mzee mwenyewe.

Sheria za maji alitunga yeye, nani achote saa ngapi, nani afue wapi. Kuzisimamia ni yeye. Na mkigombana juu ya ndoo, mlienda mkasimama mbele ya kiti chake, akawasikiza, akatoa hukumu, kisha akainuka kwenda kufunga mfereji. Hatukuona ajabu yoyote. Sisi neno letu lilikuwa moja tu, serikali. Askari ni serikali, chifu ni serikali, bunge ni serikali, korti ni serikali. Mzee alikuwa serikali ya ploti, na serikali haikatwi vipande.

Mwezi wa saba ule baridi ilituuma vibaya. Mvua ya manyunyu, jua hakuna, nguo zinakaa kwenye kamba mpaka zinanuka. Mzee alikuwa anajenga vyumba vipya nyuma ya mfereji, na ukuta mmoja wa udongo ulikuwa umefika kifuani. Asubuhi moja tuliamka tukakuta maji yametapakaa uani na ule ukuta umelala chini kifudifudi. Mfereji ulikuwa umemwaga maji usiku kucha.

Mzee alisimama pale na gambuti zake, akatazama ukuta, akatazama karai za dada yangu zilizokuwa zimeinamishwa mlangoni petu, na nikaona kabisa hukumu ikimwingia machoni.

"Ni wewe," akasema. "Nani mwingine anamaliza maji hapa?"

"Mzee, mimi jana sikufua. Maji yalikuwa yamepotea tangu mchana," dada akajibu.

"Nimesema ni wewe. Mwezi ukiisha uwe umetoka. Na kuanzia leo mfereji huu usiuguse."

Basi. Kesi ilifunguliwa na kufungwa kabla chai haijachemka. Mimi nikafungua mdomo nimpe mzee vidonge vyake, dada akanifinya mkono. Aliokota karai zake moja moja akaziingiza ndani. Nikajua anakumbuka godoro la Kibera.

Siku chache zilizofuata alikuwa akienda kuomba maji mbali, ndoo kichwani, kwenye tope lile, na kazi ya asubuhi moja ikawa ya siku nzima. Wateja walianza kuuliza nguo zao. Majirani walimwonea huruma, lakini huruma ya mlango nusu wazi. Nani atamtetea mtu mbele ya aliyeshika maji?

Sasa, mlango wa pili kutoka kwetu alikaa fundi wa ngozi. Alikuwa mtu wa kwetu huko magharibi, mwenye maneno mengi na kicheko cha kuamsha watoto. Alishona viatu, mikoba na mishipi. Ile pete ya mshipi wa mzee aliishona yeye, na alijivunia kwamba hata fahali hawezi kuing'oa. Fundi ndiye aliyekuwa na redio. Betri zake alizianika juu ya mabati zipate nguvu, na kwa kuwa jua lilikuwa hakuna, redio ya mwezi ule ilikuwa inaongea kama mtu mwenye mafua. Saa ya taarifa ya habari jioni tulijazana mlangoni kwake.

Jioni moja msomaji akaanza habari za Marekani. Tulijua kwamba rais wa huko alikuwa na matatizo, lakini matatizo gani hatukujua. Redio ikakwaruza, ikazama, ikaibuka, na tulichosikia ni kwamba majaji wa korti kubwa kabisa ya huko wamemwamuru rais atoe mikanda. Baadaye yakaja makwaruzo tu.

Fundi aliruka kutoka kwenye kigoda. "Wamemvua mshipi!"

"Wamemvua nani?"

"Rais wa Marekani! Hamkusikia? Atoe mikanda! Mkanda ni mshipi kwa Kiswahili cha redio. Mimi ni fundi wa ngozi, mtaniambia nini?"

Haki ya Mungu, hakuna aliyebisha. Nani pale hakujua maana yake? Ukishikwa ukapelekwa kituoni, kabla hujaulizwa hata jina la baba yako, unaambiwa vua mshipi, vua kiatu kimoja, ingia seli. Mtu akiambiwa na wakubwa atoe mshipi, huulizi anakwenda wapi.

"Lakini mbona mikanda?" nikauliza. "Si wangesema mkanda?"

"Wewe! Rais atakuwa na mshipi mmoja kama wewe una sketi moja?"

Watu walicheka, mimi nikamtukana kidogo, na mjadala ukawaka. Rais wa Marekani tungeweza kumjadili kwa sauti. Kuna wengine tuliwajadili kwa macho tu. Mmoja alitaka kujua kama huko Marekani pia wanavua kiatu kimoja. Mwingine akauliza kama mke wake atampelekea chakula. Mzee mwenye ploti alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono nyuma, anasikiliza.

"Huo ni uongo," akasema hatimaye. "Korti si ni ya serikali? Na serikali si ni rais? Mtu atavuliwaje mshipi na korti yake mwenyewe?"

Fundi akazima redio, akisema anahifadhi betri. Tukatawanyika. Dada yangu alikuwa amesikiliza yote akiwa kizingitini, kifurushi cha nguo chafu mapajani. Aliniambia tu, "Kesho muulize yule mama yako."

Kesho yake nilifika Lavington nikamkuta mama wa Kimarekani mezani, macho mekundu, redio kubwa mbele yake na kahawa imepoa. Kiingereza changu kilikuwa cha kukanyagakanyaga, lakini nikamuuliza ni kweli rais wao amenyang'anywa mishipi yake yote?

Yule mama alicheka mpaka akaketi sakafuni. Alicheka akashika mbavu, akafuta machozi, akanitazama, akaanza tena. Nilikuwa tayari kununa aliponishika mkono na kuniomba nikae. Ndipo akanieleza kwamba hiyo ni mikanda ya kunasia sauti. Rais alikuwa na mashine ofisini kwake iliyonasa kila alichosema na watu wake. Kulikuwa na kesi ya jinai inayowagusa watu wake wa karibu, na mwendesha mashtaka alitaka kusikia mikanda hiyo. Rais akakataa. Akasema mazungumzo ya rais na washauri wake ni siri ya kazi yake, na hakuna wa kumwambia ayatoe.

"Na korti ikasemaje?" nikauliza.

Hapo alisema jambo ambalo sikulitegemea. Korti haikusema rais hana siri. Ilikubali kwamba anayo, kwa sababu hakuna anayeweza kuongoza nchi ikiwa kila neno lake linaanikwa. Lakini siri hiyo ina mwisho. Ushahidi ukihitajika kwenye kesi ya jinai, rais hawezi kujifungia ndani na kusema siri, siri. Na wa kusema mwisho wa siri uko wapi ni korti, si yeye. Waliotunga katiba yao walikuwa wametoka chini ya mfalme na hawakumtaka mwingine, kwa hivyo wakaligawa lile tunaloliita serikali. Bunge litunge sheria, rais azitekeleze, majaji waseme maana yake. Na kila mmoja ana wivu na kipande chake.

"Majaji hao wanawekwa na nani?"

"Na rais, bunge likikubali. Wengine kati ya hawa aliwachagua yeye mwenyewe. Na wakamwambia atoe."

Nilikuwa nimeshainuka naisugua sufuria, mkono ukasimama. "Korti ina askari?"

"Haina."

"Na akikataa?"

Yule mama hakucheka tena. Alisema usiku mzima alikuwa anajiuliza swali hilo hilo, lakini alfajiri ile wametangaza kwamba rais amekubali kutoa. Nikamuuliza amekubali kwa nini, ikiwa hakuna wa kumlazimisha. Akasema ni kwa sababu nchi nzima ilikuwa inamtazama.

Jioni nilirudi mbio. Fundi nilimpa habari zake mbele ya watu, nikitegemea angalau aone haya. Wapi!

"Ati sauti?" akasema. "Sauti inatolewa kwenye mkanda? Huyo mama yako anaficha aibu ya kwao. Rais amevuliwa mshipi."

Dada yangu alinivuta ndani, akafunga mlango. "Mshipi au sauti, ametoa?"

"Amekubali kutoa."

"Na aliyemwambia atoe si yeye mwenyewe?"

"Si yeye."

"Sawa," akasema, akaendelea kukunja nguo. Mimi nilitaka tuongee usiku ule mpaka tuchoke, lakini nikimjua dada yangu, neno likishaingia ndani yake linakaa kwanza.

Asubuhi alivaa kitambaa chake cha kanisani, akaenda kusimama mbele ya kiti cha mzee. Nilimfuata nyuma nyuma. Wapangaji wengine walijifanya wanafagia.

"Mzee," akasema, "umenishtaki kwamba nimeangusha ukuta wako. Ni haki yako kunishtaki, ukuta ni wako. Lakini nishtaki kwa mdomo wako, nihukumiwe kwa mdomo wa mtu mwingine."

Mzee alimkodolea macho. "Mtu mwingine nani? Fundi?"

"La. Fundi ni rafiki yangu. Naomba yule mama wa ng'ambo ya njia."

Nusura nianguke. Mama wa ng'ambo alikuwa mjane mwenye ploti kubwa kuliko ya mzee. Wapangaji wake walimwogopa kuliko mbwa wake. Alikuwa anasali kanisa moja na mzee, na mzee huyo ndiye aliyempendekeza aongoze kina mama wa kanisa. Kwa hesabu yangu, dada alikuwa anaenda kushtakiwa na mwenye ploti na kuhukumiwa na mwenye ploti. Nilimvuta nguo. Akanipiga kibao cha mkono bila kugeuka.

Mzee naye alikuwa amefanya hesabu kama yangu, maana uso ulimkunjuka. "Marekani imefika Gatina!" akasema, akacheka. "Haya. Jumapili baada ya kanisa. Na atakalosema huyo mama, mbele ya hawa wote, nitalikubali."

Nilipomuuliza dada kwa nini amejichimbia kaburi, alinijibu kwa ufupi. Hakutafuta wa kumpenda, alisema. Alitafuta asiyeshika ufunguo wetu.

Jumapili ile uani palijaa. Mama wa ng'ambo alikuja na mwavuli na Biblia, akakataa kiti cha mzee, akaketi juu ya karai ya dada yangu iliyopinduliwa. Sura yake haikuonyesha kitu. Alimsikiliza mzee mpaka mwisho, na mzee alisema vizuri, ukuta, udongo, kazi ya watu, na mwanamke anayetumia maji kuliko ploti nzima. Akamsikiliza dada, ambaye alisema hakufua siku ile na mfereji hakuugusa. Kisha akaufunga mwavuli wake, akaulaza magotini juu ya Biblia.

"Siku ile maji yalikuwepo?" akauliza.

Watu wote wakajibu kwa pamoja. Yalipotea mchana, jioni hayakuwepo.

"Yakarudi usiku."

"Yakarudi usiku."

"Na asubuhi nani alikwenda kuyafunga?"

"Mimi," mzee akasema.

"Ulipofika, kisanduku ulikikuta kimefungwa au kiko wazi?"

Mzee alijinyoosha. Hili lilikuwa jambo la heshima yake. "Kilikuwa kimefungwa, na kufuli juu yake. Mimi siachi kisanduku wazi hata siku moja."

"Ufunguo wa pili anao nani?"

"Hakuna wa pili. Ni huu hapa," na akaupiga kofi kidogo pale kwenye mshipi.

Mimi nilielewa nikiwa nimechelewa kidogo, lakini mzee mwenyewe alielewa mara moja. Nilimwona. Mkono ulibaki pale pale juu ya ufunguo, na macho yakaenda mbali, kama ya mtu anayekumbuka kitu. Jioni ile maji yakiwa yamepotea, alikuwa amefungua mfereji kuangalia kama yamerudi. Hayakuwa yamerudi. Akafunga kisanduku akaenda mkutano wa kanisa, na mfereji ukabaki wazi ndani, unangoja maji.

"Ni mimi," akasema polepole. "Jamani, ni mimi."

Nilikuwa nimengoja siku nyingi kumwona ameaibika, na alipoaibika nilimhurumia. Maisha yana mambo. Mama wa ng'ambo hakumkemea. Alimwambia dada yangu hahami, na mfereji achote kama wengine. Dada aliinama akafunika uso kwa kitambaa chake. Nilidhani mambo yameisha, nikaanza kushangilia, yule mama akaninyamazisha kwa kidole.

"Sijamaliza. Mzee, wewe ndiye unaweka sheria ya maji. Wewe ndiye unashika ufunguo. Na wewe ndiye unahukumu. Siku ukikosea wewe, nani atakwambia? Umekosea, na hukujua mpaka leo. Kuhukumu nimeshakuchukulia leo, na sikurudishii. Yamebaki mawili. Moja litoe."

Hapa ndipo nilikumbuka sufuria ya Lavington. Yule mama hakuwa na askari, hakuwa na chifu, alikuwa na mwavuli. Ploti ilikuwa ya mzee, hati ni yake, na angeweza kusema tokeni wote kwangu. Na akikataa? Nilitazama watu, na kila mtu alikuwa anamtazama mzee, hata watoto, hata wapita njia waliosimama kwenye ua. Mzee naye alitutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Sheria tutaziweka pamoja na wapangaji, lakini ploti ni yangu, siwezi kukosa kuwemo," akasema. "Nitatoa ufunguo."

Akaushika auchomoe. Haukutoka. Akauvuta, akauzungusha. Nilikwambia fundi alijivunia kwamba hata fahali hawezi. Mzee akahangaika pale mbele ya kanisa zima la uani mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile, kisha akaguna, akafungua bizimu la mshipi, akauchomoa wote kiunoni, na huku ameshika suruali kwa mkono wa kushoto, akaunyoosha kwa mkono wa kulia kumpa mama wa ng'ambo.

"Si niliwaambia!" fundi akapiga kelele. "Mikanda!"

Tulicheka! Tulicheka mpaka wengine wakaketi kwenye tope. Mama wa ng'ambo alitaka kutukemea, akashindwa, akajificha nyuma ya Biblia. Na mzee, hili ndilo nililompendea tangu siku ile, mzee alicheka pia, suruali mkononi, akisema mniletee kamba basi, mniletee kamba. Fundi alikimbia kuleta msumari wake wa kushonea akaitoa ile pete palepale. Ufunguo tulikubaliana ukae kwa mpangaji mmoja baada ya mwingine, mwezi kwa mwezi, na wa kwanza kuushika hakuwa dada yangu. Alikataa mwenyewe, akisema dobi asishike ufunguo wa maji.

Haukupita muda, rais wa Marekani akajiuzulu. Mama wa Lavington alilia, akaniambia anaona aibu kwa nchi yake. Nilimwambia mimi ningekuwa yeye ningepika pilau. Mtu mkubwa vile ameondoka, na risasi haijalia, na kesho yake watu wamekwenda kazini? Alinitazama, akapangusa macho, na siku ile tukapika pilau kweli.

Usidhani ploti iligeuka peponi. Tuligombana juu ya ndoo kama zamani, na mama wa ng'ambo alichoka nasi akatupigia kelele mara nyingi. Fundi alimshonea mzee mshipi mpya, mzuri, ngozi laini, bila pete, na mpaka leo sijui kama aliwahi kukubali habari ya mikanda ya sauti. Lakini dada yangu alilala. Hilo ndilo ninalokumbuka zaidi. Tangu Kibera alikuwa analala kama mtu anayengoja kubishiwa mlango, na baada ya Jumapili ile alianza kukoroma, na mimi niliyelala kitanda kimoja naye sikulalamika.

Miaka ikapita, mji ukazidi kuja, na shamba la baba yake mzee likapanda thamani. Ndugu zake wakamgeukia. Walisema aliwadhulumu mipaka, na wakamwita kikao cha ukoo ambacho wao ndio walalamishi na wao ndio waamuzi. Asubuhi ya kikao alikuja mlangoni petu, kofia mkononi. Alikuwa amezeeka. Dada yangu alikuwa anakamua shuka, mimi nimeshika ncha ya pili.

"Mama," akamwambia dada yangu, "siku ile uliniambia vipi?"

"Siku gani, mzee?"

"Siku ya ukuta. Yale maneno. Nimeyatafuta usiku kucha, hayaji."

Dada hakucheka. Aliacha shuka, akajifuta mikono, akayasema polepole, naye mzee akayarudia nyuma yake akitikisa kichwa. "Nishtaki kwa mdomo wako, nihukumiwe kwa mdomo wa mtu mwingine." Alikosea kidogo, dada akamsahihisha, akasema tena mpaka yakakaa. Kisha akashika njia, mgongo umenyooka.

Jioni alirudi akasimama pale pale, kwenye mlango aliotaka kututoa.

"Wamekubali," akasema.

"Wamekubali shamba ni lako?" nikamuuliza mimi, mdomo wa familia.

"La, hilo bado," mzee akasema, uso wote unang'aa. "Wamekubali ahukumu mtu mwingine."